Sebule ya miaka ya 60: namna ya kupamba nyumba kwa samani na vitu vya zamani

Kiti cha mninga kilichotengenezwa vizuri mwaka 1962 bado kinaweza kukaliwa na wajukuu wa aliyekinunua, na mara nyingi utakipata kwa bei ndogo kuliko kochi jipya la chipbodi litakaloanza kubonyea kabla ya Idi ijayo. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye nyumba yake au chumba cha kupanga, anayetaka sebule yenye sura ya miaka ya 50, 60 na mwanzoni mwa 70 kwa kutumia vitu halisi vinavyopatikana kwetu. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam na Zanzibar kwa sababu ndiko ninakokujua, lakini kazi ni ileile ukiwa Mombasa au Nairobi.

Jua kwanza unatafuta nini

Baada ya Vita Kuu ya Pili, wabunifu wa samani wa Denmark, Marekani na kwingineko waliachana na nakshi nzito. Hans Wegner alibuni kiti chake mashuhuri chenye mgongo wa umbo la Y mwaka 1949. Charles na Ray Eames wakatoa viti vya plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo mwaka 1950, na Arne Jacobsen akafuata na kiti cha plaiwudi iliyopindwa mwaka 1955. Alama zao ni nyepesi kukumbuka: miguu myembamba inayochanua kwa nje kuelekea chini, mgongo ulioegemea nyuma kidogo, mbao inayoonekana bila kufunikwa, mito inayotoka na kurudishwa.

Mtindo huo una undugu wa mbali na viti vya kambi vya maofisa wa Kiingereza, vile vilivyoitwa Roorkhee, vilivyotumika India na baadaye kwenye safari za Afrika Mashariki. Havikuwa na gundi wala msumari. Miguu iliingia kwenye matundu, na turubai na ngozi ndizo zilizokaza kila kitu mtu alipokaa. Mdenmark Kaare Klint alikichukua kiti hicho mwaka 1933 na kukifanya cha sebuleni.

Kwetu, mafundi wa mijini walitengeneza sura hiyohiyo kwa mninga, mvule na msaji, kwa ajili ya ofisi, nyumba za serikali na familia zilizoanza kupata mishahara. Ndiyo maana ninawasihi watu wasihangaike na nakala za viti vya Ulaya vinavyouzwa mtandaoni. Kiti cha mvule kilichotoka ofisi ya wilaya kina haki zaidi ya kukaa sebuleni kwako kuliko plastiki iliyoiga jina la mtu wa ng'ambo.

Anza na stoo ya ukoo

Kabla ya kwenda sokoni, nenda kwa bibi, kwa shangazi, kwa baba mkubwa. Nyumba nyingi zina kabati la vyombo lililosukumwa kwenye stoo siku makochi mapya yalipoingia, au meza ya fomeka inayobeba ndoo uani. Usiingie na macho ya mnunuzi. Salimia, kaa, ulize habari za kitu chenyewe: nani alikinunua, wapi, kilikuwa chumba gani. Ukipewa, yaandike majibu hayo kwenye karatasi ndogo na ubandike chini ya kiti au nyuma ya kabati. Mimi nakiheshimu zaidi kiti chenye karatasi hiyo kuliko kiti cha duka la kifahari.

Ukiambiwa hapana, basi ni hapana. Vitu hivi vina wenyewe, na wakati mwingine mzee anakihitaji kiti kile kuliko anavyosema.

Mahali pa kutafuta

Dar es Salaam, anza Keko. Panajulikana kwa samani mpya, lakini mafundi wa pale hupokea za zamani kwa marekebisho, na nyingine wenyewe hawarudi kuzichukua. Fuatilia minada ya mali chakavu za mashirika na taasisi, maana humo ndimo hutoka viti vya ofisi, madawati na makabati ya mafaili ya mbao ngumu. Wageni wanaomaliza mikataba na kuhama huuza vitu kwa haraka. Zanzibar, maduka ya vitu vya kale ya Mji Mkongwe yana bei ya mtalii, ila wauzaji wa mitumba wa nje ya mji huwa na samani zilizokuja kwa makontena. Nairobi kuna soko la Gikomba, na mafundi wa pembeni mwa Ngong Road.

Nenda asubuhi, mwanga ukiwa mzuri. Beba tochi, futi ya kupimia, kitambaa na bisibisi bapa. Pima mlango wa nyumba yako na ngazi kabla hujatoka. Kabati la futi sita halipindi kona.

Kagua mwili, uso uuache

Hapa ndipo pesa inapookolewa au kupotea. Muuzaji atakupaka uso wa kiti kwa vanishi mpya inayong'aa, hivyo wewe kipindue.

Tazama viungo. Kiti imara kimeunganishwa kwa ulimi na tundu: ncha ya mbao moja imechongwa ikaingia ndani ya nyingine. Kwenye droo, tazama kona za mbele. Kama mbao mbili zimekatwa meno yaliyopishana na kushikana, fundi alikuwa na muda na heshima ya kazi. Kama zimepigiwa misumari tu, lipa kidogo. Skrubu nazo huzungumza. Zenye mfereji mmoja wa bisibisi bapa huashiria kazi ya zamani. Zikiwa za nyota, mara nyingi ama kitu ni kipya ama kimewahi kufunguliwa.

Kaa juu yake, jiegemeze, kisha jisukume kulia na kushoto. Kutikisika si kosa la kukimbia. Gundi za zamani zilitokana na mifupa na ngozi za wanyama, hukauka na kuachia, na zinarekebishika. Kosa la kukimbia ni mguu uliopasuka kufuata nyuzi za mbao mahali penye kiungo, au mbao iliyooza chini kwa kukaa kwenye maji.

Wadudu ni habari nyingine. Mchwa huacha vijia vya udongo na mbao inayolia tupu ukiigonga. Watoboa mbao huacha vitobo vya milimita 1 au 2. Vitobo peke yake havina neno, huenda wadudu walishakufa miaka 30 iliyopita. Kigonge kiti juu ya kitambaa cheusi: ukiona unga mpya laini umedondoka, wamo. Kitu cha namna hiyo usikiingize ndani mpaka kimepakwa dawa ya mbao nje, kwa glavu na kufuata maelezo ya kopo.

Angalia pia kama ni mbao kamili au vinia, yaani ngozi nyembamba ya mbao nzuri iliyobandikwa juu ya mbao ya kawaida. Tazama ukingo wa meza. Kwenye mbao kamili, mistari ya juu inaendelea hadi ubavuni. Kwenye vinia inakatika. Vinia si utapeli, samani nyingi bora za Denmark zimetengenezwa hivyo, lakini unene wake mara nyingi haufiki milimita 1, na fundi mwenye mashine ya msasa ataimaliza kwa dakika chache.

Vya kuacha

Usinunue mlango wa nakshi au fremu yake iliyong'olewa kwenye nyumba ya kale. Sheria ya mambo ya kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inailinda milango ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka 1940, na kila mlango unaouzwa umeacha tundu kwenye ukuta wa mtaa fulani. Usinunue chochote chenye pembe ya ndovu, hata kipini kidogo cha kisanduku. Na samani za watoto zenye rangi ya zamani inayobanduka ziache kabisa, kwa sababu rangi nyingi za miaka hiyo zilikuwa na madini ya risasi.

Kusafisha na kurekebisha

Siku ya kwanza usifanye lolote zaidi ya kufuta. Kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, ukakikamua sana, kisha kitambaa kikavu. Mara nyingi mbao uliyoidhani nyeusi ni nyekundu chini ya moshi na nta ya miaka mingi. Uchafu uliogoma utoke kwa tapetaini.

Kisha jua kilichopakwa juu. Tia tone la spiriti kwenye kitambaa na ulisugue sehemu isiyoonekana, chini ya kiti. Pakinata na kulainika, hiyo ni polishi ya zamani, nayo hurekebishwa kwa kupakwa polishi mpya juu yake bila kukwangua chochote. Pasipobadilika, huenda ni vanishi ya siku za karibuni.

Ukimpelekea fundi, simama naye mwanzoni. Mazungumzo huenda hivi:

"Dada, hiki nikikwangue chote, nipige sila na rangi ya kahawa, kitakuwa kipya."

"Usikikwangue, fundi. Nitolee uchafu, unikazie miguu, mninga wake ubaki unaonekana."

"Na haya makovu ya mezani?"

"Hayo yaache."

Fundi mzuri ataelewa, na wengi hufurahi mtu akiijua mbao kwa jina. Asiyeelewa, chukua kiti chako kwa adabu umtafute mwingine.

Miguu inayocheza unaweza kuikaza mwenyewe. Fungua kiungo taratibu. Kikigoma, kidondoshee maji ya moto, gundi ya zamani italainika. Kwangua mabaki yote ya gundi pande zote mbili, kwa sababu gundi mpya haishiki juu ya ya zamani. Acha kikauke. Paka gundi nyeupe ya mbao, rudisha, kisha kaza. Huna jiriwa? Kata tyubu ya baiskeli iwe utepe mrefu, uzungushe kwenye miguu ukiwa umeuvuta kwa nguvu, ufunge. Mpira unabana pande zote sawasawa na hauachi alama kwenye mbao. Futa gundi iliyochuruzika kwa kitambaa chenye maji, simamisha kiti kwenye sakafu iliyo sawa ili miguu yote iguse, na ukiache saa 24.

Pakihitajika msasa, anza na namba 120, kisha 180, umalize na 240, ukifuata nyuzi za mbao kila wakati. Rangi ya zamani usiipige msasa mkavu; vumbi la risasi ni sumu, hasa kwa watoto na mama mjamzito. Tumia dawa ya kulainisha rangi, nje, na uchafu wake uufunge vizuri kwenye mfuko.

Mwisho, mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani) yaliyochemshwa au nta. Paka kidogo, subiri robo saa, futa yote yaliyobaki juu. Na hili lishike: kitambaa chenye mafuta ya linsidi kikikunjwa na kutupwa kwenye kona huweza kuwaka chenyewe bila kiberiti. Kitandaze nje kikauke au kitumbukize kwenye ndoo ya maji.

Kalio na vitambaa

Viti vya henzirani vinaonekana vimekufa wakati vimelegea tu. Kama hakuna uzi uliokatika, kipindue, loweka sehemu ya chini kwa maji ya moto, kisha kiache kivulini penye upepo usiku kucha bila kukikalia. Henzirani hukaza inapokauka. Zilizokatika zinahitaji msusi, na wazee wanaojua kazi hiyo wanapungua. Ukimpata mmoja, mpe kazi.

Ndani ya makochi ya zamani utakuta springi na usumba, au mito ya sufi. Usumba ulio mkavu na usionuka uanikwe juani, uchambuliwe, urudishwe. Ulioota ukungu utupwe. Ukiweka sponji mpya, chagua ngumu na usizidishe unene. Viti vya kupumzikia vya kipindi hicho viko chini, kalio lake karibu sentimita 38 hadi 42 kutoka sakafuni, na sponji nene inaharibu uwiano wote na kukunyanyua juu ya mikono ya kiti.

Kwa kitambaa cha kukalia tumia turubai laini au pamba nzito ya rangi moja: haradali, kijani cha zeituni, rangi ya tofali. Kitenge kinafaa kikitiwa bitana. Khanga ni nyepesi, haitadumu chini ya watu wanaokaa na kuinuka, basi iwe foronya za mito midogo. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, kilitoa nguo ambazo bado zimo masandukuni mwa mama zetu. Ukibahatika kupata khanga ya wakati huo usiikate. Inapendeza zaidi ikikunjwa ili pindo na jina vionekane, ikawekwa kwenye fremu mbali na jua.

Vile vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa sindano, vya kutandika kwenye migongo ya makochi, visidharauliwe. Vingi vilifumwa na mama wa nyumba mwenyewe. Vifue, vitie wanga, weka kimoja kimoja, usijaze kila kilicho bapa.

Kupanga sebule

Chagua kitu kimoja kikubwa kiwe mwenyeji wa chumba: kabati refu la chini, au jozi ya viti vya mninga. Vingine vyote vikifuate hicho. Theluthi moja ya vitu vya zamani inatosha katika chumba, vilivyobaki viwe vya kawaida na vitulivu. Sebule iliyojaa vitu vya mwaka 1965 kuanzia pazia hadi kibao cha ukutani haikaliki. Watoto hawajui waguse nini.

Acha sakafu ionekane chini ya miguu ya samani. Sura nzima ya mtindo huu ni wepesi, na kwa joto la pwani hewa inayopita chini ya kiti ni faida ya kweli, sembuse urahisi wa kupiga deki. Kama nyumba yako ina terazo au ile sakafu nyekundu ya saruji, una bahati: isugue, ipake polishi, tandika mkeka mmoja, na usiifunike kwa vigae. Meza ya katikati iwe sawa na kalio la kochi au chini yake kidogo. Ukuta uwe mweupe au krimu, na kama unataka rangi kali, ukuta mmoja tu.

Cherehani ya Singer ya bibi ina mahali pake hapa. Namba yake iliyogongwa kwenye chuma ikianza na herufi E, ya miaka ya kati ya karne iliyopita, kwa kawaida ilitengenezwa Clydebank, Scotland, kiwanda kilichofungwa mwaka 1980. Wapo wanaong'oa kichwa cha mashine na kubakiza miguu ya chuma wapate meza. Ikiwa inashona, naomba usifanye hivyo. Itie mafuta, weka taa pembeni, ishone foronya zako.

Taa, redio na umeme

Taa ya zamani nunua kwa umbo lake, waya wote utoke. Waya wa kitambaa na mpira wa miaka ile hukauka na kupukutika ndani mahali usipopaona. Fundi umeme aweke waya, swichi na plagi mpya, na ile yenye mwili wa chuma aiunganishe na waya wa ardhi. Kilichotoka Marekani kiliundwa kwa volti 120, nasi tunatumia 230. Balbu iwe ya LED yenye mwanga wa manjano, yaani 2700K. Haichomi kivuli cha kitambaa wala kuunguza mbao.

Redio ya valvu ni pambo zuri kuliko mengi, lakini usiichomeke ukutani ili uone kama inaita. Ndani huhifadhi umeme hata ikiwa imezimwa, na visehemu vyake vilivyozeeka huweza kupasuka. Fundi aikague kwanza. Karabai na chemli zikae rafuni bila mafuta ya taa.

Ukutani na kabatini

Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za mafuta zinazong'aa, na akafariki mwaka 1972. Kazi zake mwenyewe ni chache, na jina lake limewekwa kwenye picha nyingi zisizo zake. Nunua basi kwa mchoraji aliye hai, pale Oyster Bay, umwombe mnyama mmoja kwenye mraba kwa namna ya mwanzo, rangi chache, mandhari tupu. Itundike ili katikati yake iwe kama sentimita 150 kutoka sakafuni, au chini zaidi ikiwa juu ya kochi la chini.

Picha za studio za rangi nyeusi na nyeupe, babu na bibi mbele ya pazia lililochorwa, ndizo pambo lenye thamani kuliko yote. Piga nakala, tundika nakala. Ile halisi ikae kwenye bahasha ya karatasi, kavu na gizani.

Masinia na mabakuli ya bati yenye maua yanapendeza yakisimamishwa kabatini. Yaliyobanduka ndani usiyatilie chakula, na yenye rangi kali ya njano au nyekundu ndani yaache yawe ya kutazama tu, kwani rangi za zamani za aina hiyo huweza kuwa na madini yenye sumu.

Masika yakifika

Unyevu wa pwani unaharibu kuliko umri. Kabla ya mvua, vuta makabati sentimita 5 kutoka ukutani na acha milango yake wazi saa chache kila wiki. Ukungu ukitokea kwenye mbao, futa kwa kitambaa chenye siki iliyopunguzwa kwa maji, kausha, kisha nta. Chuma cha miguu kipakwe mafuta ya cherehani kidogo dhidi ya chumvi ya hewani. Mvua zikikatika toa mito yote juani, pindua kila kiti, na umulike chini yake kwa tochi kutafuta unga mpya, ukianza na vilivyo karibu na ukuta wa nje.